Nafasi Ubavuni mwa Tonge

Dawa ya kumlaza mtoto ndiyo iliyomwamsha. Mama yake alimnywesha kijiko kimoja baada ya chakula cha mchana, akamlaza kwenye kitanda chake kidogo kilichosogezwa ukutani, akamfunika shuka hadi kiunoni, kisha akakaa pembeni kusubiri usingizi umchukue. Muuza dawa alishamwambia kwamba dawa ile humwangusha hata mtu mzima. Mtoto akafumba macho. Halafu akayafumbua, makubwa kuliko kawaida yake, akageukia ukuta na kusema, "Shikamoo."

Akawa kama anasikiliza. Jibu alilolipata lilimridhisha, maana alijivuta mpaka ukingoni mwa godoro, nusura aanguke, akapigapiga kwa kiganja ile nafasi aliyoiacha upande wa ukuta.

"Unamsalimia nani, mwanangu?" mama akauliza.

"Bibi. Amechoka. Nampa nafasi alale."

Bibi mtu alikuwa jikoni, anasikika kabisa akigombana na sufuria. Mama akacheka. Mtoto wa miaka mitatu huzungumza na kikombe, akanuniana na kiatu, na hakuna anayemwitia daktari. Akamrudisha katikati ya godoro, akaenda zake kuanua nguo.

Mtoto huyo alikuwa na jina zuri kwenye cheti, lakini bibi yake alipomwona siku ya kwanza, mviringo, mashavu yamemeza pua, alisema hili ni tonge, na Tonge akawa Tonge. Baba yake mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, na chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachotazama barabara, ndicho kilikuwa karakana. Watu walimletea magodoro yaliyochoka, yaliyobonyea mgongoni na kiunoni, naye akayapasua, akaitoa sufi, akachambua mbegu na mabonge, akaipiga kwa fimbo mbili mpaka ikaumuka, kisha akaishindilia upya na kushona kwa sindano ndefu. Tapu, tapu, tapu. Mlio wa fimbo hizo ulikuwa ndio pumzi ya nyumba. Ukikatika, mkewe alijua mume ana njaa.

Kazi ile ina mwiko wake na ina wizi wake. Mwiko ni kwamba godoro la mtu halipasuliwi kabla ya kushinda juani, hata likiwa limelaliwa na bibi harusi. Wizi ni kwamba kila godoro linalopita, fundi hubana konzi moja ya sufi na kuitia kwenye gunia lake. Mafundi hawaiiti wizi. Wanaiita konzi ya fundi, na mwenye godoro hajui kitu, kwa sababu sufi ikishapigwa hujaza pale pale. Godoro la Tonge lilijazwa kwa konzi hizo tu. Kila gunia lilipopata uzito, Fundi alifumua mshono wa pembeni, akaongeza, akashona. Alijisifu kwamba mwanawe analalia usingizi wa mtaa mzima. Mkewe alimwambia mchovya asali hachovyi mara moja, naye akajibu kwamba asali ni ya watu lakini kidole ni chake.

Vumbi la sufi lilikuwa kila mahali, juu ya taa, ndani ya chumvi, kwenye kope za watu. Wakubwa walilizoea. Tonge hakulizoea. Aliamka macho yamevimba yakawa mistari miwili, pua inatiririka, shingo imejaa vipele alivyovikuna mpaka vikatoa damu, na akikohoa alikohoa hadi akabadilika rangi. Ndipo mama yake akaenda duka la dawa, akaeleza, na muuza dawa akampa chupa ya dawa ya maji yenye rangi ya waridi. Ni aleji tu, alisema. Hakuuliza mtoto ana umri gani.

Dawa ilifanya kazi, hilo tuseme kweli. Pua ilikauka, vipele vililala. Ila mtoto mwenyewe hakulala. Kila alipoinywa, mboni za macho zilitanuka mpaka macho yakawa meusi matupu, midomo ikakauka, mashavu yakawa ya moto, na vidole vyake viwili vikaanza kuchuma vitu hewani, polepole, kwa uangalifu, vile vile baba yake anavyochambua mbegu kwenye sufi. Na kila mara alisogea ukingoni. Mama alimrudisha katikati, akageuka kuchukua shuka, na alipotazama tena alimkuta ukingoni, amejikunja, ameupa ukuta mgongo. Siku moja alimshika ubavu ili amvute, akauondoa mkono haraka. Mtoto alikuwa anawaka joto mwili mzima, lakini ubavu ule wa upande wa ukuta ulikuwa wa baridi, baridi ya mtungi wa maji.

Alimwambia mumewe. Fundi akasema ukuta una unyevu.

Halafu ikaja harufu. Ilikuwa ya mafuta ya nywele yaliyochacha, pamoja na ile harufu ya shuka la mgonjwa aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa. Ilikaa kwenye kitanda cha Tonge tu. Hatua moja nyuma haipo, hatua moja mbele inakushika koo. Mama alifua mashuka, akafua pazia, akamwogesha mtoto mara mbili kwa siku. Bibi alianza kutazama watu kwa jicho la pembeni bila kusema alichokuwa anakiwaza, na kwa mwanamke yule kunyamaza kulikuwa ugonjwa.

Kisha alasiri moja, Fundi akiwa amekwenda kupeleka godoro kwa mteja na mlango wa karakana umefungwa kwa kufuli, mama na Bibi walikuwa jikoni wanachambua mboga, wakasikia tapu, tapu, tapu. Walitazamana. Mama akaweka mboga chini, akatoka, akapita ukumbini akiwa amejifuta mikono kwenye nguo mara nyingi kuliko inavyohitajika, akafungua kufuli kwa ufunguo wa akiba, akasukuma mlango, na mlio ukakatika pale pale, na ndani hapakuwa na mtu, fimbo zimelala juu ya lundo kama Fundi alivyoziacha, dirisha limefungwa, ila hewa yote ya chumba kile ilikuwa imejaa sufi inayoelea, nyeupe, inashuka taratibu, inatua kwenye nywele zake na mabegani mwake, sufi ambayo mtu yeyote wa nyumba ile alijua kwamba haipandi juu hivyo bila kupigwa.

Nyuma yake Bibi alisema kwa sauti ya chini, "Funga mlango, mwanangu. Usikimbie. Funga tu."

Siku ya pili yake ndiyo iliyowavunja. Mchana Tonge alikuwa amejikuna sana, na mama alimpa kijiko chake, akatoka kwenda dukani kununua sabuni. Bibi akabaki naye. Mtoto alilia kwamba shingo inawasha, na Bibi, aliyelea watoto saba na hakuwahi kuamini kwamba kijiko kimoja kinatosha kitu chochote duniani, aliona dawa haijashika. Akamwongezea kijiko. Baada ya muda akamwongezea kingine.

Mama alirudi jua likiwa linazama. Alimkuta mwanawe amesimama juu ya kitanda, mwekundu, mkavu, moyo unampiga mpaka unaonekana kwenye shingo, anasukuma kitu kwa mikono yote miwili.

"Tonge. Tonge, mama nimekuja."

Mtoto alimtazama bila kumjua. Hilo ndilo lililomkata mama maini, kuliko harufu na kuliko mlio wa fimbo: alitazamwa na mwanawe kama anavyotazamwa mpita njia. Kisha Tonge akageukia ukuta, akalia kwa sauti ya kukwaruza, "Sitaki. Umenibana. Nasikia baridi."

Fundi ndiye aliyembeba. Alikimbia naye barabarani bila viatu, sufi imemganda kichwani, watu wanampisha, mama nyuma yake ameshika ile chupa mkononi bila kujua kwa nini ameishika.

Ilikuwa heri aliishika. Daktari wa watoto, mwanamke mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka, aliisoma chupa kabla hajamgusa mtoto. Akauliza amekunywa vijiko vingapi. Mama akasema kimoja. Daktari akamulika mboni za Tonge, akasikiliza moyo, akasema kimoja hakifanyi hivi, akauliza kama kuna mtu mwingine aliyempa.

Bibi, aliyefika baadaye akihema, alitazama sakafu. "Nilimpa na mimi," akasema. "Viwili. Nilimwona anateseka."

 Mama alimchukia mama mkwe wake kwa muda mrefu kama wa pumzi tatu, chuki safi kabisa, kisha akaona shingo ya yule mzee ilivyoinama na chuki ikamshinda kuibeba.

Daktari alieleza bila kugombeza. Dawa hizi za zamani za mzio, alisema, humlaza mtu mzima, lakini kwa mtoto mdogo mara nyingine hugeuka. Badala ya kulala anachachamaa, anachuma hewa, anaona watu wasiokuwapo na kuzungumza nao. Kipimo kikizidi, moyo nao huingia hatarini. Mtoto wa umri huu hapewi bila daktari kusema. Atakaa hapa mpaka dawa imtoke, atabadilishiwa, na hilo godoro la sufi litolewe nyumbani kwa kuwa ndilo linalomletea aleji yenyewe.

"Kwa hiyo hao anaowaona," Fundi akauliza, "hawapo?"

"Hawapo, baba."

"Na ubavu wake, daktari?" mama akasema. "Mbona upande mmoja una baridi?"

Daktari aliweka kiganja kwenye ubavu wa Tonge. Akakiondoa, akakirudisha, akakaa nacho. Mwishoni akasema ni upepo wa feni, akaenda kuizima. Feni ilikuwa upande mwingine wa chumba.

Asubuhi Tonge aliomba chai. Macho yalikuwa yamerudi kuwa macho yake. Alimwita mama yake mama, na mama akatoka nje ya wodi akalia mpaka muuguzi akamletea kiti. Bibi alibaki na mjukuu. Alimwinamia, akamnong'oneza jambo sikioni kwa muda, akimwonyesha kwa kidole sinia la sindano lililokuwa mezani, na Tonge akatikisa kichwa kukubali.

Godoro lilipaswa kutupwa siku ile ile. Lakini Bibi alishikilia kwamba daktari ametibu mwili tu, na mlango alioingilia huyo mgeni bado haujatibiwa, na kabla godoro halijatoka aje mtu alisomee. Wakamleta mtabibu mmoja ambaye mtaani walimwita Bwana Kimya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akinyamaza. Aliingia anaongea, akasifia mlango, akalalamikia goti lake, akaomba maji. Alipokaribia kitanda cha Tonge, akaacha sentensi katikati. Siku ile alistahili jina lake.

Alikaa chini, akaweka mkono juu ya godoro kama anayempima mtu homa. Baadaye akauliza, kwa mnong'ono, sufi hii ni ya nani.

Fundi alieleza habari ya konzi. Alieleza kwa aibu, huku anajikuna kichwa, kwamba ni ya watu wengi. Bwana Kimya akamuuliza ya mwisho ilikuwa ya nani. Hapo mkewe akamwona Fundi anabadilika uso.

Wakati wa mvua, alisema, kuna mtu alileta godoro la marehemu mama yake. Alikuwa na haraka, jua halikuwapo, na yeye Fundi akalipasua hivyo hivyo, mbichi. Aliona kitu, akakipuuza. Godoro lilikuwa na mashimo mawili. Moja dogo, ukingoni kabisa, la mtu aliyejikunja. La pili refu, katikati, limebonyea zaidi. Alimtania yule mteja kwamba baba yake lazima alikuwa mtu mzito. Mteja akamwambia mama yake alikuwa mjane, alilala peke yake miaka yote ya ugonjwa.

"Konzi ulitoa shimo lipi?" Bwana Kimya akauliza.

"Katikati. Ndiko sufi ilikuwa nyingi."

Yule mzee alifumba macho. Maiti hawarudi, alisema, wasiwasingizie. Lakini kuna majini ambao hawana nyumba wala hasira. Wanachokitaka ni joto. Humtafuta mgonjwa aliyeachwa peke yake, wakaja kwa sura ya mtu mchovu, wakaomba nafasi. Akishawapa, hawaondoki. Hulala naye, wakamnywa joto kidogo kidogo, mpaka siku wanapokuta ubavu umepoa wenyewe. Dawa haikumleta huyu, alisema. Dawa ilimfumbua mtoto macho tu, na mtoto, kwa adabu aliyofundishwa, akamkaribisha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi alipiga magoti kabisa, mtu mzima, akashika mikono ya Bwana Kimya, akamwambia achukue anachotaka, karakana, fimbo, nyumba, ila mtoto asimwachie yule kiumbe. Bwana Kimya akasema hataki kitu. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Alinyunyiza maji pembe nne. Kisha wanaume wawili wakalibeba godoro mpaka jalalani, wakalimwagia mafuta ya taa, wakaliwasha. Sufi huwaka kwa pupa, lakini ile iliungua polepole, kwa moshi mzito wenye harufu ya mafuta ya nywele, na Fundi alisimama pale mpaka yakabaki majivu, akayatawanya kwa mguu.

Nyumba ikatulia. Harufu ikaisha. Karakana ikahamishiwa kibanda cha mbali, gunia la konzi likachomwa, na Fundi akawa mtu wa kuanika godoro siku mbili hata la mtoto mchanga. Tonge alinunuliwa godoro la sponji, akapewa dawa mpya ya daktari, na vipele vikafifia. Hakusalimia tena ukuta. Hakuchuma hewa. Alilala mchana kimya kabisa, na Bibi akawatangazia majirani kwamba mjukuu wake amepona na tena amekuwa mstaarabu.

Mama alitaka kuamini. Alijilazimisha. Lakini kila alipochungulia alimkuta mtoto amelala ukingoni, amejikunja, ameupa ukuta mgongo. Alijiambia ni mazoea. Na Tonge hakuwa tonge tena. Mashavu yalishuka, mifupa ya mabega ikaanza kuonekana. Daktari alipima damu, akapima choo, akasema haoni kitu, ampe chakula kizuri. Mama alimpa. Mtoto alikula na akaendelea kupungua, kama ndoo yenye tundu lisiloonekana.

Mchana mmoja mama alichoka kuchungulia. Akaingia, akavua kandambili, akapanda kitandani taratibu asimwamshe, akajilaza kwenye ile nafasi ya upande wa ukuta, akamzungushia mwanawe mkono.

Tonge hakuwa amelala. Alifumbua macho, na macho yale yalikuwa ya kawaida, safi, hayana dawa wala homa. Akamtazama mama yake kwa hofu, akamwekea kiganja mdomoni.

"Mama, sogea," akanong'ona. "Umemlalia."

Mama hakusogea. Hakuweza. "Nani, mwanangu?"

Mtoto akatikisa kichwa. Machozi yakamlenga. "Bibi kasema nikisema tena watanidunga sindano."

Siku zote zile. Siku zote zile za utulivu, wakati wao wanamshukuru Mungu na kumpongeza Bwana Kimya, mtoto wa miaka mitatu alikuwa anajibana ukingoni, anapigwa na baridi, amefunga mdomo kama alivyoagizwa.  Mama angeweza kupiga kelele, kumwita Fundi, kumbeba mtoto na kukimbia. Lakini kukimbilia wapi? Daktari alishafanya yake. Mtabibu alishafanya yake. Moto nao ulishafanya wake.

"Hakuna atakayekudunga," akasema polepole. "Bado yupo?"

"Yupo. Ameamka."

"Anakutazama wewe?"

"Anakutazama wewe."

Harufu ya mafuta ya nywele ilikuwa imeanza kuja, kidogo, kutoka kwenye mto.  Mama alimvuta Tonge kifuani, akampitisha juu ya mwili wake akitaka kumkinga, akakumbuka kwamba upande ule ndiko ukuta uliko, akamrudisha alikokuwa. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kwa mwenye nyumba, "Mwambie mama ana joto jingi. Mwambie mimi ni mkubwa, sitaisha upesi. Mwambie akuache wewe, alale kwangu."

Tonge aligeuza shingo, akatazama juu ya bega la mama yake, akanong'ona maneno hayo yote kwa utaratibu, kama mtoto aliyetumwa kwa jirani. Akasikiliza.

"Amesema asante," akasema.

Mama akasogea mbele kidogo. Nyuma yake, upande wa ukuta, godoro la sponji likabonyea taratibu kwa urefu wa mtu mzima. Tonge akapiga mwayo mrefu. Akanyoosha miguu, akatandaza mikono, mmoja ukamwangukia mama yake shingoni, na baada ya muda mfupi alikuwa anakoroma, mdomo wazi, ametawanyika kitanda kizima kama wanavyolala watoto wasiodaiwa na mtu.

Mama alimtazama mpaka machozi yakamzuia kuona. Alikuwa hajamwona akilala hivyo tangu wakati wa mvua. Akamfunika shuka, akabaki amelala kwa ubavu, hajitikisi, na mgongo wake ukaanza kupoa.